Mkono Ulioshika Kazi ya Upepo: Uchavushaji wa Mitende

Mitende dume hutoa chavua na haizai. Mitende jike huzaa tende lakini haina chavua hata chembe. Porini, upepo ndio unaobeba vumbi hilo jeupe kutoka mti hadi mti, na mbegu zikijiotea karibu nusu ya miche huwa dume. Wakulima wa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, hawakuwa tayari kumwagilia maji nusu ya shamba lisilozaa. Walipanda machipukizi ya mitende jike, ambayo hurithi jinsia na ladha ya mama, wakabakiza madume machache, kiasi cha mmoja kwa majike 50 hivi. Tangu hapo upepo haukutosha, ikabidi mtu apande juu mwenyewe.

Karara la dume likipasuka, vijiti vya maua yake hukatwa. Mkulima hukwea mtende jike, akapachika vijiti viwili vitatu katikati ya shada lake, vichwa chini, kisha akalifunga shada kwa ukuti. Haraka inahitajika, maana ua la jike hupokea chavua kwa siku chache tu baada ya karara lake kufunguka. Majike yanayowahi kuchanua hupewa chavua ya mwaka uliopita, iliyohifadhiwa pakavu.

Chembe ya chavua ikitua kwenye stigma, yaani ncha ya ua la jike inayopokea chavua, huota mrija unaopenya hadi ndani ya ovari, ukipitisha seli mbili za kiume. Moja huungana na yai na kuanzisha kiinitete. Ya pili huanzisha akiba ya chakula cha mche, nayo ndiyo sehemu ngumu ya kokwa la tende. Ua la jike lina vyumba vitatu. Likichavushwa, kwa kawaida kimoja hukua na viwili hunyauka. Lisipochavushwa, mara nyingi vyote vitatu hukua kuwa vitunda vidogo visivyo na kokwa, ambavyo havina thamani sokoni.

Hasara hiyo iliingia mapema katika sheria. Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 KK, aliagiza kwamba mtunza bustani aliyekabidhiwa mitende aichavushe ampe mwenye shamba theluthi mbili za mavuno. Akizembea na mavuno yakapungua, alipe kwa kipimo cha shamba la jirani. Waarabu nao waliufanya uchavushaji kuwa mpaka wa haki ya mavuno. Kwa mujibu wa hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.), anayeuza mitende iliyokwisha kuchavushwa hubaki na matunda yake, isipokuwa mnunuzi ameweka sharti. Chavua ikishatiwa, jasho la mtu limo ndani ya tunda, na hukumu hiyo inalitambua.

Wataalamu walichelewa sana kuuelewa uchavushaji huo. Herodotus, katika karne ya 5 KK, aliona Wababeli wakifunga maua ya dume kwenye jike, akadhani kazi hiyo inafanywa na mdudu, kama kwenye mtini. Theophrastus, karibu mwaka 300 KK, alieleza vizuri zaidi kwamba vumbi la dume hukung'utwa juu ya jike. Hata hivyo, uthibitisho wa majaribio ulisubiri hadi 1694, Rudolf Jakob Camerarius alipochapisha matokeo yake huko Tübingen, Ujerumani: mbarika ulioondolewa maua ya kiume kabla hayajapasuka haukutoa mbegu kamili. Zaidi ya miaka 3,000 ilikuwa imepita tangu sheria ya Hammurabi.

Tende zilizoletwa Lamu, Mombasa na Unguja na majahazi ya Oman na Ghuba, wakati wa kaskazi, zilitokana na kazi hiyohiyo ya mkono. Mwaka 1928 Mmarekani Walter Swingle alionyesha kwamba dume linalotoa chavua huathiri hata ukubwa wa tende na wakati wake wa kuiva, ingawa nyama ya tunda ni ya mama. Kwa hiyo dume huchaguliwa kwa makini kama jike. Katika mashamba makubwa ya leo chavua hukaushwa, huchanganywa na unga mkavu na kupulizwa kwa mashine kutoka chini; katika bustani nyingi za Oman na Iraki mkulima bado hukwea.