Uchoraji na Ukweli wa Kazi: Mfano wa Sam Ntiro

Makada vijana wengi wakitazama picha huuliza kwanza: je, inafanana? Sura iliyochorwa mpaka unywele wa mwisho, hata mtu akadhani imepigwa kwa kamera, ndiyo wanayoiita sanaa halisi. Swali hilo si baya, lakini halitoshi.

Uchoraji wa kuiga picha ya kamera ulishika nguvu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, katika jamii ya kibepari iliyozungukwa na matangazo ya biashara. Chuck Close alichora nyuso kubwa kupita kiasi. Richard Estes alichora vioo vya maduka. Hatuubezi ustadi huo, maana ustadi ni kazi. Tunachouliza ni hiki: anayechorwa ni nani, naye anafanya nini?

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, katika darasa la sanaa lililoanzishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, kisha akaenda Chuo cha Slade, London, katika miaka ya 1950. Watu katika picha zake ni wadogo, na nyuso zao hazitambulikani. Wametapakaa katika kijani cha mashamba, wanavuna, wanakata kuni, wanabeba mizigo. Mtu wa haraka atasema hakujua kuchora. Lakini Slade ni chuo kilichosifika kwa kufundisha umbo la mwili wa binadamu. Kama Ntiro hakulifuata fundisho hilo, alichagua. Alichokichora ni uhusiano wa watu katika kazi.

Sisi tulioko Kitai tunaweza kulipima jambo hili karibu. Ukipanda kutoka hapa kwenda milima ya Umatengo utakuta ngoro. Kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa safu zinazokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Nyasi huoza zikawa mbolea, na maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuporomosha udongo. Sasa mchore mama mmoja mwenye jembe, jasho na mikunjo yote ya uso. Utakuwa umepata uso, lakini ngoro haimo usoni mwake. Huna budi kusogea nyuma, pale aliposimama Ntiro, ndipo uone mlima mzima, na pia uone kwamba jembe liko mikononi mwa wanawake.

Hata hivyo hatumpambi. Kijiji cha Ntiro kina maelewano mno. Kilimanjaro ya ukoloni ilikuwa na kodi, uhaba wa ardhi na bei ya kahawa iliyopangwa mbali, na katika picha zake mambo hayo ni shida kuyaona.

Tena kuna suala la mnunuzi. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Ilikuwa heshima. Lakini mkulima aliyechorwa ilimpasa avuke bahari ili ajione. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika mkoa wetu huu wa Ruvuma, hakupita chuo chochote cha sanaa. Alitoka mashamba ya mkonge ya Tanga akaja kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli, hadi alipofariki mwaka 1972. Wanunuzi wake nao walikuwa wageni zaidi.

Elimo Njau, wa Marangu, alishika njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, kwa mandhari ya Ukikuyu. Madhumuni ya jengo lile, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, yanahitaji mjadala wake. Lakini ukutani picha haiuzwi, na waumini wa hapo huiona kila Jumapili bila kiingilio. Maghala ya vyama vya ushirika vya kahawa hapa Mbinga yana kuta pia.