Umri wa Zana za Mawe Hujulikanaje?

Leo twende Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye pango liitwalo Panga ya Saidi. Tangu mwaka 2010 wataalamu wamechimba humo na kutoa zana nyingi za mawe, yaani mawe yaliyogongwa na watu wa kale ili yapate makali ya kukatia. Zile za chini kabisa zina umri wa miaka 78,000 hivi.

Utauliza, nani aliihesabu miaka hiyo? Ukipima jiwe lenyewe utapata umri wa mwamba lilikotoka. Sisi twataka kujua lini mtu aliliacha pale. Kwa hiyo hatuliulizi jiwe, twauliza udongo uliolifunika.

Udongo wa pangoni hulundikana kama nguo sandukuni: ya chini ndiyo iliyotangulia. Lakini sanduku halikwambii miaka. Katika tabaka za juu hupimwa kaboni iliyomo katika makaa na makombe. Kipimo hicho hufika miaka 50,000 hivi, kisha huishiwa nguvu.

Huko chini zaidi hupimwa punje za mchanga. Fikiri mtungi mtupu chini ya paa linalovuja. Punje ikikaa gizani hupokea mionzi ya udongo unaoizunguka, tone kwa tone, na kuiweka akiba. Jua likiipiga, mtungi humwagika wote. Ikifunikwa tena, matone huanza upya. Ndiyo sababu mtaalamu hupigilia bomba la chuma katika ukuta wa shimo, akaliziba upesi lisiingie mwanga. Katika maabara yenye giza punje humulikwa, nazo hutoa mwanga mdogo sana. Mwanga huo ndio akiba. Hugawanywa kwa mionzi ambayo udongo ule hutoa kila mwaka, na jibu ni miaka.

Hesabu ni rahisi. Kazi ngumu ni kujua udongo gani upimwe. Panya huchimba, na watu pia huchimba. Mwaka 2017 katika pango hilo ilitolewa mifupa ya mtoto wa miaka kama mitatu, aliyelazwa kwa ubavu, amekunja miguu. Alikuwa ndani ya shimo, na udongo uliolijaza haukufanana na ule wa pembeni. Basi ilijulikana kwamba alizikwa. Kama ungechukua udongo wa pembeni, ungepata umri wa watu waliomtangulia. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021: miaka 78,000 hivi, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Wataalamu walimwita Mtoto, kwa Kiswahili hiki hiki chetu.

Sasa shika kalamu. Mtungi una matone 600. Kila saa hudondoka matone 20. Je, ulitegwa saa ngapi zilizopita? Na kama jirani aliumwaga nusu usiku bila kukwambia, jibu lako litapungua au litazidi?