Wanankhucha, Bibi wa Wazigua Aliyeachwa Nje ya Vitabu

Hale inajulikana kwa mkonge na kwa kituo cha umeme kinachotumia maji ya Mto Pangani tangu 1964. Ng'ambo ya kusini ya mto huo, kuelekea Handeni na Kilindi, ndiko Uzigua, nchi ambayo historia yake iliyochapishwa imejaa majina ya wanaume. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi iliyoanza kuchapwa Magila mwaka 1895, alitueleza kwa ufasaha mkubwa jinsi Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, alivyotoka Ngulu akapita Uzigua hadi kutawala Vuga kule Usambaa, na jinsi uzao wake ulivyofuata. Hatukuachiwa kitabu cha namna hiyo kuhusu bibi wa ukoo wa Kizigua, ingawa wanaethnografia, Beidelman akiwamo, waliwaweka Wazigua pamoja na Waluguru, Wakaguru na Wangulu, watu waliohesabu ukoo kwa upande wa mama. Hoja yangu ni kwamba katika jamii ya namna hiyo bibi hakumbukwi kwa mapenzi peke yake. Kumbukumbu yake ndiyo hati ya jamii, nayo inastahili kupimwa kama hati nyingine yoyote.

Ushahidi ulio bora zaidi umehifadhiwa mbali na Handeni, katika bonde la Juba nchini Somalia. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua wengi pwani. Wapo waliodanganywa kwa ahadi ya kazi na chakula, kama wanavyosimulia wajukuu wao, wakapandishwa majahazi na kuishia utumwani katika mashamba ya bonde la Shebelle. Waliotoroka waliongozwa, kwa mujibu wa simulizi hizo, na mwanamke mtabiri aitwaye Wanankhucha. Nia ilikuwa kurejea nyumbani kusini. Tetemeko la ardhi likawa kwake ishara ya kutoendelea, na safari ikaishia kwenye misitu ya Juba, walikojenga vijiji na kulima wakiwa watu huru. Mwishoni mwa karne hiyo alitokea huko kiongozi Nassib Bunda, mwenye asili ya Kiyao, na taarifa za Wazungu zikamtaja kwa kuwa walilazimika kushughulika naye. Wanankhucha hakuwa na hati za kikoloni za kumtaja. Alikuwa na wajukuu.

Atakayesema kwamba tetemeko na utabiri ni ngano ana haki ya kuuliza. Lakini Mbegha naye tunamjua kwa masimulizi yenye miujiza, na hakuna anayemfuta vitabuni kwa sababu hiyo. Tena kiini cha habari kina mashahidi wengine: biashara ya watumwa ya Benadir, pwani ya Somalia, inajulikana vizuri, na Kizigua kiliendelea kusemwa Juba kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Francesca Declich, mwanaanthropolojia wa Italia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1980, aliikuta jamii inayothamini uzao wa kike. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kuhesabu ukoo kwa mama hakumpi mama utawala. Mara nyingi mjomba ndiye aliyeamua. Ni kweli, na hata kwa Waasante wa Ghana, ambao nao huhesabu ukoo kwa mama na ambao Yaa Asantewaa wa Ejisu aliwaongoza vitani dhidi ya Waingereza mwaka 1900, kiti cha Asantehene, mfalme wao, hukaliwa na mwanamume. Ila Wanankhucha hatajwi kama mtawala. Anatajwa kama aliyewatoa watu utumwani, na simulizi haimtafutii kaka wa kumpa sifa hiyo.

Wengine watasema huyu ni wa Somalia, si wetu. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 vilijibu hilo. Wakimbizi waliofika Handeni kutoka Juba walizungumza lugha ambayo wenyeji waliielewa, wakapokewa kambini Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine walikwenda kuishi Marekani, wakalichukua jina la Wanankhucha hadi huko. Wazee waliozaliwa Juba wanazidi kupungua. Maofisa utamaduni na walimu wa historia wa Handeni na Korogwe waanzie Chogo, na wawarekodi wazee hao kwa Kizigua chao wenyewe kabla ya kutafsiri chochote.