Treni ilisubiriwa miaka 48, mtu alisubirishwa 85

Bibi mzaa mama aliishi Mnyuzi, Korogwe, na likizo zangu za shule ya msingi nilizimalizia kwake. Mnyuzi ni pale reli mbili zinapokutana. Ya kwanza ni ya Wajerumani, walioanza kuijenga Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Korogwe 1902. Ya pili inatoka Ruvu. Hiyo ilikamilika 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na ndiyo iliyoiunganisha Tanga na Reli ya Kati. Ili kufika Mnyuzi inabidi ivuke mto Pangani. Tukiwa karibu na mto, bibi hakunishika kiganja, alinishika kifundo cha mkono. Nikilalamika kwamba ananiumiza, anajibu, "Kiganja kinateleza, mume wangu." Akishasema hivyo hajadili tena.

Nilimkumbuka miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi mgeni kabisa kazini. Nilitumwa mahakamani, na siku hiyo kulikuwa na kijana aliyeshtakiwa kwa kujaribu kujiua. Nikaandika aya nne: jina lake kamili, umri, kijiji, namba ya kifungu. Sikuuliza nini kilimsibu. Sikuuliza akitoka pale anarudi kwa nani. Mhariri hakugusa hata nukta, na mimi nikafurahi. Aya zile nne ndizo zilizonifanya nianze kusoma historia ya madaraja, na hasa swali moja linalorudi kila mahali: hela ya kuweka kizuizi itoke wapi?

Wapenzi wa riwaya wanaweza kuanzia Toronto, Kanada. Katika *In the Skin of a Lion* ya Michael Ondaatje, iliyotoka 1987, kuna daraja linalojengwa. Usiku mmoja upepo unamsomba mtawa kutoka juu, na fundi mhamiaji wa Kimasedonia anayefanya kazi akiwa ananing'inia kwenye kamba anamdaka. Kudakwa kule ni riwaya. Daraja ni la kweli, linaitwa Bloor Street Viaduct, nalo lilifunguliwa 1918.

Lina jambo moja la ajabu. Msanifu wake, Edmund Burke, na mkuu wa kazi za umma wa jiji, R. C. Harris, walitaka liwe na nafasi ya pili chini ya barabara, kwa ajili ya treni. Treni yenyewe haikuwepo. Wapo waliopiga kelele kuhusu gharama, lakini nafasi ikajengwa. Treni ya chini ya ardhi ilikuja kupita pale mwaka 1966, na jiji likaokoa mamilioni. Mpaka leo wahandisi wanalisifia: tazama watu walivyoona mbali!

Na kweli waliona mbali, ila si kila upande. Katika miongo iliyofuata, mamia ya watu walipoteza maisha pale. Madai ya kuweka uzio yaliposhika kasi miaka ya 1990, walioyapeleka kwa madiwani hawakuwa wahandisi. Walikuwa watu wa kawaida, wakiwemo wanachama wa chama kinachohudumia wagonjwa wa skizofrenia na familia zao. Baraza la jiji likakubali mwaka 1998. Kisha zabuni zikaja juu kuliko bajeti, mvutano wa hela ukaanza, na taa zilizokuwa kwenye mchoro zikafyekwa. Uzio wa nondo nyembamba za chuma ulikamilika 2003, kwa dola za Kanada milioni 5.5. Piga hesabu mwenyewe. Treni iliwekewa nafasi miaka 48 kabla haijapita. Mtu alisubiri miaka 85.

Pingamizi lilikuwa lile lile unaloweza kulisikia hata kijiweni kwetu: aliyeamua ameamua, ukimzuia hapa atakwenda kule. Linasikika kama busara, lakini ni dai linaloweza kupimwa, na limepimwa. Mwaka 1978 Richard Seiden alichapisha utafiti juu ya watu 515 waliozuiwa kwenye daraja la Golden Gate, San Francisco, kati ya 1937 na 1971. Karibu asilimia 94 kati yao walikuwa bado hai au walikuwa wamekufa kwa sababu za kawaida. Maana yake, kwa wengi ile saa mbaya ilikuwa saa kweli. Ilikuja, ikapita.

Toronto yenyewe ilitupa somo gumu zaidi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba vifo pale darajani vilikwisha kabisa, lakini idadi ya jumla ya vifo vya aina hiyo mjini haikupungua. Wapinzani wakasema, si tuliwaambia? Watafiti walewale wakarudi kuangalia zaidi ya miaka kumi ya takwimu, wakachapisha 2017: kwa muda mrefu idadi ya mji mzima ilishuka, na watu hawakuhamia madaraja mengine. Kuhusu ile miaka ya mwanzo, walishuku kwamba kelele za vyombo vya habari juu ya daraja lile zilipunguza faida ya uzio. Niliposoma hapo niliziona aya zangu nne.

Auckland, New Zealand, walifanya jaribio bila kukusudia. Daraja la Grafton lilikuwa na vizuizi kwa takriban miaka 60, vikaondolewa 1996. Vifo vikaongezeka mara tano. Vikarudishwa vingine 2003, na vifo vikakoma. Golden Gate, lililofunguliwa 1937, lilisubiri zaidi kuliko wote. Bodi yake ilichagua wavu mwaka 2008, sheria ya 2012 ikaruhusu fedha za serikali kuu ya Marekani zitumike kwa kazi hiyo, na wavu ukakamilika mwanzoni mwa 2024, kwa zaidi ya dola milioni 200. Kuchelewa nako kuna bei.

Sasa turudi nyumbani. Kosa la yule kijana lipo kwenye kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, sheria yenye asili ya ukoloni wa Mwingereza. Uingereza wenyewe waliacha kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua Agosti 1961, miezi minne kabla bendera yao haijateremshwa Dar es Salaam. Wao wakaifuta, sisi tukabaki nayo. Majirani zetu Kenya waliitoa juzi tu: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kifungu kama hicho kinakwenda kinyume na katiba yao.

Kwa hiyo nikisikia eti serikali haina hela ya mambo haya, nakumbuka ile siku mahakamani. Askari, karani, mwendesha mashtaka, hakimu, mahabusu: zote zile ni fedha za umma. Tayari tunamlipia yule kijana, ila tunalipa akishafika kizimbani.

Utaniambia madaraja marefu kwetu si mengi. Sawa, ingawa yanaongezeka: lile la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700, na uzio ni rahisi zaidi ukiwa bado kwenye mchoro. Kizuizi pia si lazima kiwe cha chuma. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama Korogwe na Handeni, ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi hatua kwa hatua, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Wakulima waliendelea kuvuna kama kawaida.

Bibi alishafariki. Hakuwahi kuniuliza kama nina nia ya kuanguka. Alijua tu kwamba mtoto ana dakika zake, akashika mahali pasipoteleza. Kama wewe unayesoma uko kwenye dakika hizo, mtafute mtu mmoja leo, ndugu, rafiki, au mhudumu wa zahanati, umwambie akae na wewe. Na yule kijana, popote alipo, namwomba radhi kwa jina lake nililolichapisha.