Munganga na Mpokezanaji: Historia Fupi ya Mafunzo ya Wahudumu wa Afya Mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha mwambao, neno mganga humpeleka msikilizaji kwanza kwa mtabibu wa jadi, ingawa nchini Tanzania dola imelihifadhi pia katika cheo cha Mganga Mkuu wa Wilaya. Mjini Lubumbashi, munganga ni daktari wa hospitali. Aliye chini ya munganga ndiye tunayemchunguza hapa: muuguzi, mganga msaidizi, na siku hizi mhudumu wa kujitolea mtaani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila kipindi cha historia ya mji huu kilimhitaji mtu huyo, kikamfundisha, na papo hapo kikauwekea ujuzi wake mpaka.

2.0 Kampuni na Kambi

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na tanuri la kuyeyushia shaba likaanza kazi mwaka 1911. Mwajiri mkuu alikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi walikufa kwa wingi kambini, na kuleta wengine kutoka mbali kulikuwa na gharama kubwa. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeukia siasa ya kuwatuliza wafanyakazi: mikataba ya miaka mitatu, na wanaume kuhimizwa kuishi kambini na wake zao.

Hapo ndipo afya ya mama na mtoto ilipoingia katika hesabu za kampuni. Chini ya usimamizi wa akina Dk. Léopold Mottoulle, zilianzishwa huduma za kuzalisha, za kupima uzito wa watoto na za kuwapa chakula cha ziada. Vifo vya watoto vilipungua sana, na hilo halifai kubezwa. Hata hivyo, hapana budi tukumbuke kwamba mtoto huyo alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kesho.

Madaktari wachache wa Kizungu na masista wasingeweza kuifanya kazi hiyo peke yao. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyojengeka kuwa lugha ya kazi katika Katanga. Ni dhahiri kwamba wodini pia ilihitajika lugha ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi na kumweleza mama kwa nini maji yachemshwe. Basi Mwafrika aliyefunzwa uuguzi alikuwa na kazi mbili: kutibu na kufasiri. Ya kwanza ilikuwa na cheo. Ya pili haikuandikwa popote.

3.0 Mpaka wa Ujuzi

Utawala wa Kibelgiji ulipanga mafunzo kwa ngazi: wauguzi wasaidizi, wauguzi, wakunga wasaidizi, na juu yao, kuanzia miaka ya 1930, waganga wasaidizi. Ngazi hizo zilikuwa na kilele chake. Mganga msaidizi aliweza kuendesha zahanati na kutibu maradhi mengi, lakini hakuwa daktari. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Muda mfupi baadaye Shirika la Afya Duniani lilifadhili kundi la waganga wasaidizi kwenda Ufaransa kukamilisha masomo ya udaktari. Tendo hilo peke yake lathibitisha kwamba kilichokuwa kimewazuia si akili zao.

Jason Sendwe ni mfano bora. Alizaliwa mwaka 1917, akapata mafunzo ya uganga msaidizi, kisha akaongoza chama cha BALUBAKAT na kuwa Naibu Waziri Mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula. Aliuawa mwezi Juni 1964. Leo hospitali kuu ya mkoa mjini Lubumbashi inaitwa kwa jina lake. Hivyo, madaktari wa mji huu hufanya kazi chini ya jina la mtu aliyekuja kabla mlango wao haujafunguliwa.

4.0 Kutoka Kampuni hadi Mtaa

Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines iliyoirithi iliendelea kuwatibu wafanyakazi na jamaa zao. Wakati huohuo, Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 ulitangaza siasa ya afya ya msingi, na katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika kanda za afya. Wakazi walitakiwa kushiriki wenyewe, na wahudumu wachaguliwe miongoni mwao. Kisha, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, Gécamines ilianguka, na familia nyingi zikabaki bila mlezi wa zamani. Siasa ya kushirikisha jamii ikakutana na jamii iliyofilisika.

Wahudumu hao wanajulikana kwa kifupi kama reko, kutokana na jina la Kifaransa lenye maana ya wapokezanaji wa jamii. Hufunzwa kwa siku chache, wakapita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo, kupima utapiamlo na kuwatuma wagonjwa kituoni. Kipindupindu kilipoushambulia mji mwaka 2008 na mwaka 2013, habari za kutia klorini kwenye maji zilihitaji vinywa vya namna hiyo. Kazi yao kimsingi ni ya kujitolea, bila mshahara.

5.0 Hitimisho

Jina la mpokezanaji lafaa kutazamwa vizuri. Muuguzi wa ngazi ya A2 au A1 amesoma kwa Kifaransa. Reko huyapokea maneno hayo na kuyafikisha Katuba au Kenya kwa Kiswahili. Jina lamsifu kwa kupitisha, wala halimtambui kwa kujua. Lakini anayegeuza onyo la kitaalamu likawa neno ambalo mama atalikubali hapitishi tu, anatunga maarifa. Kampuni ilimlipa msaidizi na kumnyima cheo. Zama zetu zimempa jina la heshima na kumnyima ujira. Mtaala wowote mpya utapimwa kwa jinsi utakavyolipa madeni hayo mawili.