Pawasaplai ya kompyuta

Pawasaplai ya kompyuta ni kifaa kilichomo ndani ya kasha la kompyuta ya mezani. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme wa volteji ndogo unaotumiwa na ubao mama, diski, feni na sehemu nyingine. Nchini Tanzania umeme wa majumbani ni mkondo geu wa volti 230 na hezi 50, lakini sehemu za kompyuta zinahitaji mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kompyuta mpakato haina pawasaplai ya aina hii ndani yake. Kazi hiyo hufanywa na chaja pamoja na betri.

Pawasaplai inaweza kufa ghafla au kudhoofika polepole. Inapodhoofika polepole, dalili zake hufanana na za kumbukumbu, diski au programu mbovu. Kwa sababu hiyo watu wengi hununua kifaa kisichohitajika, au hupoteza kazi zao kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Historia

Kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na pawasaplai ya wati 63.5 tu. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na wati 192. Katika kompyuta za wakati huo swichi ya kuwashia ilikata umeme wa ukutani moja kwa moja.

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni za ATX, ambazo bado zinafuatwa na kompyuta nyingi za mezani. Katika mpangilio huo kitufe cha kuwashia hutuma ishara tu. Pawasaplai huendelea kutoa volti 5 za kusubiri muda wote plagi ikiwa ukutani na swichi ikiwa imewashwa. Kwa hiyo kuzima kompyuta si sawa na kukata umeme wake.

Namna inavyofanya kazi

Umeme wa ukutani hupita kwenye fyuzi na kichujio, kisha diodi huugeuza kuwa mkondo mnyoofu. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita kubwa zikiwa na volti 320 hivi au zaidi. Transista huukata na kuuachia maelfu ya mara kwa sekunde ili upite kwenye transfoma ndogo, ambayo hushusha volteji. Upande wa pili diodi na kapasita nyingine huulainisha kabla haujaingia kwenye ubao mama.

Kapasita kubwa zina kazi nyingine pia: hushikilia umeme kwa muda mfupi sana unapokatika. Kanuni za ATX zilitaka muda huo usipungue milisekunde 16 hivi, wakati mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Kapasita zikichakaa muda huo hupungua. Ndiyo maana kompyuta yenye pawasaplai dhaifu hujizima au kujiwasha upya taa ya ndani inapopepesa tu, na kompyuta nyingine katika chumba hichohicho ikaendelea kufanya kazi.

Rangi za nyaya katika pawasaplai za ATX kwa kawaida ni hizi, pamoja na viwango vinavyokubalika:

- Njano: volti 12 (11.40 hadi 12.60)
- Nyekundu: volti 5 (4.75 hadi 5.25)
- Chungwa: volti 3.3 (3.14 hadi 3.47)
- Zambarau: volti 5 za kusubiri (4.75 hadi 5.25)
- Bluu: volti hasi 12 (hasi 10.8 hadi hasi 13.2)
- Kijani: amri ya kuwasha
- Kijivu: ishara kwamba umeme umetulia
- Nyeusi: ardhi

Baadhi ya pawasaplai zina nyaya nyeusi zote. Hapo hutegemewa nafasi ya kila waya kwenye kiunganishi, si rangi.

Sababu za kuharibika

Umeme usiotulia

Tanzania imepitia vipindi vya mgao wa umeme, kwa mfano mwaka 2006, 2011 na 2023. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, Zambia ilikuwa na mgao mkali mwaka 2024 baada ya ukame kupunguza maji ya Ziwa Kariba. Kukatika kwenyewe huweza kuharibu mafaili, lakini kwa pawasaplai hatari kubwa zaidi ni dakika umeme unaporudi. Vifaa vingi huwaka kwa pamoja, na volteji huweza kupanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia.

Umeme mdogo nao hudhuru. Pawasaplai hujitahidi kutoa wati zilezile, hivyo volteji ikishuka huvuta mkondo mkubwa zaidi. Wati 115 kwa volti 230 ni amperi 0.5. Wati hizohizo kwa volti 160 ni zaidi kidogo ya amperi 0.7. Ongezeko hilo huleta joto.

Nyutro ikikatika au kulegea kwenye njia ya fezi tatu, baadhi ya nyumba hupata umeme mdogo na nyingine hupata volteji inayoweza kukaribia 400. Dalili yake ni taa kuwaka kwa ukali usio wa kawaida, au kung'aa na kufifia jirani anapowasha kifaa kikubwa. Hapo vifaa vyote vichomolewe na TANESCO ipewe taarifa.

Radi ni sababu nyingine. Mkoa wa Songwe, kama sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga njia ya umeme karibu, msukumo wake husafiri kwenye nyaya.

Joto, vumbi na wadudu

Kapasita zina majimaji ndani ambayo hukauka kwa joto. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za sentigredi zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Vumbi likiziba feni, joto hupanda. Mende, sisimizi na mijusi huingia kufuata joto na mara nyingine husababisha shoti.

Swichi ya volteji

Kompyuta zilizotumika kutoka nchi kama Marekani (volti 120) au Japani (volti 100) huweza kuwa na swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawasaplai, yenye alama 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wa volti 230, kapasita au fyuzi hupasuka mara moja, mara nyingi kwa mlio na moshi. Swichi hiyo iangaliwe kabla ya kuchomeka kompyuta kwa mara ya kwanza. Zambia nayo hutumia volti 230, hivyo kompyuta iliyokuwa ikitumika Nakonde haihitaji kubadilishwa volteji ikivushwa Tunduma.

Dalili

Dalili za pawasaplai inayodhoofika ni pamoja na:

- kompyuta kujizima au kujiwasha upya, hasa inapofanya kazi nzito;
- kuhitaji kubonyezwa mara kadhaa ndipo iwake, hasa asubuhi ikiwa ya baridi;
- feni kuzunguka kwa sekunde moja kisha kusimama;
- diski kupotea na kurudi;
- harufu ya kuungua, mlio mwembamba, au joto lisilo la kawaida nyuma ya kasha;
- kapasita zilizovimba juu au kuvuja, zikionekana kupitia matundu ya kasha.

Si kila dalili ya aina hii hutoka kwenye pawasaplai. Kompyuta inayojizima baada ya dakika chache inaweza kuwa na feni ya prosesa iliyojaa vumbi. Inayotoa milio bila picha inaweza kuwa na kumbukumbu iliyolegea. Inayosahau tarehe na saa kwa kawaida inahitaji betri ndogo ya volti 3 ya ubao mama tu.

Uchunguzi

Kwa mkazi wa mahali kama kata ya Chapwa mjini Tunduma, kilomita 100 hivi kutoka Mbeya na zaidi ya 900 kutoka Dar es Salaam, kuagiza kifaa kisicho sahihi ni hasara ya fedha na ya siku kadhaa. Inafaa kuchunguza kwa mpangilio, kuanzia kisichogharimu kitu.

1. Kompyuta ikiwa bado inawaka, mafaili muhimu yanakiliwe kwanza kwenye flashi au diski ya nje. Pawasaplai inayokufa huweza kufa pamoja na diski.
2. Kifaa kingine, kama taa ya mezani, kijaribiwe kwenye soketi ileile. Kisha kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani bila ekstensheni, na waya wake wa umeme ubadilishwe.
3. Plagi ichomolewe, kasha lifunguliwe, vumbi lisafishwe kwa brashi laini, na viunganishi pamoja na kumbukumbu virudishwe vizuri mahali pake.
4. Sehemu zisizo za lazima ziondolewe moja moja. Kompyuta ikiwaka baada ya kuondoa sehemu fulani, huenda sehemu hiyo ndiyo yenye shoti.
5. Pawasaplai ijaribiwe peke yake. Plagi ikiwa nje, viunganishi vyote vinavyoingia kwenye kompyuta huchomolewa, kisha waya wa kijani huunganishwa na mweusi mmoja kwa klipu ya karatasi. Plagi ikirudishwa ukutani, feni inapaswa kuzunguka. Pawasaplai chache haziwaki bila mzigo, na nyingine huacha feni imesimama zikiwa baridi.
6. Volti zipimwe kwa maltimita na kulinganishwa na viwango vilivyotajwa juu.

Pawasaplai inayopita jaribio la klipu bado inaweza kushindwa chini ya mzigo. Kipimo chenye maana zaidi ni kile cha waya wa njano na mweusi kompyuta ikiwa inafanya kazi. Volti 12 zikishuka chini ya 11.4 kazi inapoongezeka, pawasaplai ni dhaifu. Njia ya uhakika zaidi ni kuazima pawasaplai nzima inayolingana na kuijaribu.

Usalama

Kasha la pawasaplai halipaswi kufunguliwa na asiye fundi. Kapasita kubwa huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, umeme unaotosha kuua. Kubadilisha fyuzi ya ndani peke yake mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa fyuzi hiyo huungua baada ya transista au diodi kufanya shoti. Kuweka waya mahali pa fyuzi ni kualika moto.

Pawasaplai iliyotoa moshi isiwashwe tena "kujaribu". Moto ukitokea, umeme ukatwe kwenye swichi kuu kwanza, maji yasitumike.

Kutengeneza au kubadilisha

Fundi mwenye ujuzi anaweza kubadilisha feni au kapasita zilizovimba. Uharibifu ukiwa mkubwa, kubadilisha pawasaplai nzima huwa nafuu na salama zaidi.

Wakati wa kununua, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa hazitoshi. Msomaji atazame amperi za volti 12 kwenye lebo na kuzidisha kwa 12. Pawasaplai iliyoandikwa wati 500 lakini yenye amperi 15 tu kwenye volti 12 hutoa wati 180 upande huo, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi kubwa ya picha kwa kawaida hutumia chini ya wati 150, hivyo pawasaplai nzuri ya wati 300 huitosha.

Kompyuta nyingi ndogo za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika zina pawasaplai zenye umbo au viunganishi vya pekee. Kabla ya kulipa, ile ya zamani ipelekwe dukani, au lebo na viunganishi vyake vipigwe picha.

Kinga

- Kuchomoa plagi umeme unapokatika na wakati wa radi, kisha kusubiri dakika kadhaa baada ya umeme kurudi.
- Kutumia stebilaiza pale umeme unapopanda na kushuka mara kwa mara. Stebilaiza haizuii kukatika.
- Kutumia UPS, kifaa chenye betri kinachompa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Betri yake hudumu miaka 3 hadi 5 hivi.
- Kuhakikisha soketi zina waya wa ardhi unaofanya kazi.
- Kuinua kasha kutoka sakafuni, kuacha nafasi nyuma yake na kuondoa vumbi mara kwa mara.
- Kutofunika kompyuta kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi.

Pawasaplai iliyokufa isichomwe moto ili kupata shaba. Moshi wa plastiki na nyaya zake una sumu, na risasi iliyomo kwenye lehemu ya vifaa vya zamani huchafua udongo na maji. Fundi anaweza kutumia feni, nyaya na skrubu zake kwa matengenezo mengine.

Tazama pia

- Kompyuta
- Ubao mama
- Kapasita
- Mkondo geu
- TANESCO