Msukuma Katika Sinema

Katika nchi yetu Msukuma hujulikana kabla hajafungua kinywa. Ni mrefu, ana nguvu, anapenda ng'ombe kuliko shati, mjini hupotea njia, na akiwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu basi huyo ni mchawi. Sura hii imetengenezwa kwa miaka mingi, katika mazungumzo ya vilabuni, katika vichekesho vya redio, na zaidi katika sinema. Nimefundisha historia zaidi ya miaka thelathini, mwishoni nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na nimeona vizuri kuifuata sura hiyo kule ilikotoka.

Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa sinema kwa ajili ya Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani, wamisionari walikuwa nyuma yake, na mtengenezaji mkuu aliitwa Meja Notcutt. Hadi 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi 35, zikazungushwa kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Mojawapo ilihusu benki ya posta: asiyejua anafukia fedha zake ardhini na kuibiwa, mwerevu anaziweka posta. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Lakini tazama, msomaji, kwamba katika sinema za namna hiyo mjinga ni yule anayeishi kama alivyoishi baba yake.

Baada ya vita kampuni ya Afrika Kusini ilikuja kutengeneza filamu za Kiswahili hapa Tanganyika, na katika Muhogo Mchungu alicheza Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wetu. Mimi nilizaliwa 1950, na gari la sinema nililiona nikiwa mtoto, likifunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili. Tulicheka sana. Tuliyemcheka alikuwa mtu wa shamba, na hakuna aliyegeuka kutazama kwamba sote pale tulikuwa watu wa shamba.

Na ilikuwa miaka gani hiyo? Mtemi David Kidaha Makwaia wa Usiha, hapa hapa Shinyanga, alikuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria tangu 1945. Wakulima wa pamba chini ya Paul Bomani waliunda muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria mwaka 1955, ukawa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Watu hao hao waliokuwa wakipima pamba yao na kubishana na wanunuzi juu ya mizani, kwenye kitambaa cheupe walifundishwa kunawa mikono.

Wageni wenye kamera zao walikuja kutafuta nyoka. Sikatai, tunacheza na nyoka, na mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno ni kitu cha kutazamwa. Lakini aliyewahi kusimama katika uwanja wa ngoma anajua kwamba nyoka ni wa kuita watu. Kazi yenyewe ni wimbo. Manju hutunga juu ya bei ya pamba, juu ya kodi, juu ya mtemi aliyekula fedha za watu, na umati huamua mshindi kwa kumfuata. Kamera hukata pale nyoka anaporudishwa kwenye kikapu. Nimeona picha nyingi za namna hiyo, na hata moja haikutafsiri wimbo.

Sasa nifike kwenye filamu iliyotuumiza zaidi. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza, kuhusu samaki wa sangara, viwanda vya minofu na ndege kubwa za mizigo zilizokuwa zikipeleka minofu Ulaya. Huku kwetu watu waliiita filamu ya mapanki. Ilipata tuzo, ikashindania Oscar mwaka 2006, na mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaani hadharani. Mwanza watu waliandamana kuipinga. Nimeitazama mara tatu. Mapanki yalikuwepo, kila mtu wa kando ya ziwa anajua, na watoto wa mitaani walikuwepo. Kumwita mtu mwongo kwa kuonyesha kitu kilichopo si hoja. Lakini dai kwamba ndege zilileta silaha liliachwa likielea, likitegemea minong'ono na sura za marubani. Na zaidi ya hapo, mji wenye walimu, masoko, makanisa, misikiti na wavuvi wanaosomesha watoto ulipungua ukawa shimo moja lenye nzi. Mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale katika filamu ile ndiye waliyemkumbuka wazungu niliokutana nao baadaye. Waliniuliza kama nami ninao upinde.

Serikali nayo ilikosea, kwa maoni yangu, kuijibu filamu kwa maandamano. Filamu hujibiwa kwa filamu.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulalamikia kamera. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwemo, na viungo vyao vikauzwa kwa waliotaka utajiri, katika uchimbaji, uvuvi na biashara. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14. Wakati huo chuoni kwetu tulikuwa na mwanachuo mmoja mwenye ualbino. Tulikubaliana asitoke peke yake baada ya saa kumi na moja jioni, na wenzake walimsindikiza hata msalani kwa zamu. Hakuna aliyelalamika juu ya zamu hizo. Jambo hilo, zamu za wasichana wa miaka ishirini wenye tochi, sijaliona katika filamu yoyote.

Filamu zenyewe zilikuja. White Shadow ya Noaz Deshe, ya mwaka 2013, ilipata tuzo huko Venice. Ni kazi ya ustadi, lakini ndani yake ni giza tupu. In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, ya 2012, ni nyingine kabisa. Humo Josephat Torner anatembea kijiji hadi kijiji akiwauliza watu ana kwa ana wanamwogopea nini, na anapanda mlima Kilimanjaro. Yule mwanachuo wangu, sasa mwalimu, aliniambia baada ya kuitazama, "Mwalimu, huyu anakwenda kwa miguu yake." Sikuhitaji uchambuzi mwingine.

Si sisi peke yetu. Huko Louisiana, Marekani, wapo Wakajuni, wazao wa watu wa Acadia ambao Waingereza walianza kuwafukuza makwao mwaka 1755. Mwaka 1948 Robert Flaherty alitengeneza Louisiana Story, mtoto wa Kikajuni mwenye mtumbwi na mtambo wa mafuta usiodhuru mtu. Gharama ililipwa na kampuni ya mafuta. Mwaka 1981 ikatoka Southern Comfort, ambamo watu hao hao wanawinda askari majini. Malaika kwanza, kisha mnyama. Mwaka 1986 Glen Pitre, Mkajuni mwenyewe, akatengeneza Belizaire the Cajun, na shujaa wake ni mganga wa miti shamba mwenye akili na mzaha.

Sisi tunao waigizaji. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga na alisoma hapa. Alifariki Aprili 2012, na sura aliyoijulisha zaidi ni ya kijana wa mjini mwenye suti. Hadithi pia tunazo. TANU ilipigwa marufuku Usukumani tangu 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 serikali ililazimisha Geita baraza la mseto wa rangi. Watu walikataa, wakaandamana, wengi wakavuka hadi Mwanza wakakaa huko kudai wasikilizwe. Polisi waliwatawanya, lakini baraza lenyewe likaondolewa. Nimewasikia wazee waliokuwamo wakisimulia, na wasimuliaji hao sasa wamebaki wachache mno.

Mwaka jana vijana wanne wenye kamera walikuja kuniomba nyumba yangu ya zamani, ya tope, wapigie picha. Niliwakaribisha chai na kuwasimulia habari ya Geita kwa saa nzima. Walisikiliza vizuri, hata mmoja aliandika. Nilipomaliza, yule aliyekuwa akiandika akauliza, "Babu, na mganga hapo ataingia wapi?" Nikamjibu kwamba katika habari ile hakuna mganga. Wakatazamana. Kisha wakauliza kama nyumba itakuwa wazi Jumamosi.

Niliwapa ufunguo.